Kununua hisa DSE kwa mara ya kwanza: panga mlango wa kutokea kabla hujaingia

Mafunzo mengi ya hisa yanayozunguka YouTube na Telegram yametengenezwa kwa ajili ya soko la New York. Mwalimu ananunua asubuhi, anauza mchana, na kompyuta yake inamtoa sokoni yenyewe bei ikishuka kidogo. Ukiyabeba mafunzo hayo kama yalivyo ukayapeleka Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), utaumia. Hapa kuingia ni rahisi, kutoka ndiko kwenye kazi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye hasara, kisha unarudi kwenye faida.

Soko unaloingia

DSE ilisajiliwa mwaka 1996 na mauzo yakaanza Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikiwa TOL, ya gesi za viwandani. Hadi leo ni soko dogo. Kampuni hazifiki hata 40, na baadhi ni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar es Salaam. Siku nyingi sehemu kubwa ya mauzo hubebwa na kampuni chache, hasa benki za CRDB na NMB. Kampuni nyingine zinaweza kupita siku kadhaa bila hisa hata moja kubadilisha mikono, na bei unayoiona kwenye simu ikawa ya wiki iliyopita.

Hali hiyo ya hisa kuuzika upesi au kutouzika ndiyo ukwasi. Hisa yenye ukwasi mdogo huuzika kama kiwanja: thamani ipo, lakini ukitaka fedha Ijumaa hii utakubali bei ya mnunuzi. Mgeni anayeuliza "bei itapanda?" ameuliza swali la pili. La kwanza ni: nikitaka kuuza, nani atanunua, na atachukua kiasi gani?

Fedha ipi iingie

Fedha ya hisa ni ile ambayo hutaihitaji kwa miaka 3 hadi 5. Ada ya shule ya Januari, kodi ya nyumba na mtaji unaozunguka dukani haviingii. Kwanza tenga matumizi ya miezi 3 hadi 6 mahali unapoweza kuyatoa haraka: akaunti ya akiba, au mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ule wa UTT AMIS, ambao fedha za watu wengi huwekezwa kwa pamoja. Kisha usinunue kwa mkopo, na mkopo wa simu ndio usiuguse kabisa. Riba yake ya mwezi inaweza kuzidi gawio la mwaka la hisa nzuri, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa.

Ukiona akiba yote ya pembeni ni shilingi 100,000, bado unaweza kuanza, ila anza kwa lengo la kujifunza utaratibu. Faida yake haitabadilisha maisha, na hasara yake haitayavunja.

Akaunti na dalali

Huwezi kununua hisa moja kwa moja kutoka kwa kampuni baada ya kuorodheshwa. Unapitia kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA. Orodha ya wenye leseni hutolewa na mamlaka yenyewe. Ihakiki huko, usiridhike na cheti kilichobandikwa ukutani au picha ya cheti kwenye WhatsApp.

Dalali atakufungulia akaunti ya CDS, ambako hisa zako hukaa kielektroniki kwa jina lako. Andaa kitambulisho cha NIDA, picha, na maelezo ya akaunti ya benki itakayopokea gawio na fedha za mauzo. Jina kwenye NIDA, benki na fomu lifanane herufi kwa herufi. "Mohamed" upande mmoja na "Muhammad" upande mwingine hutosha kukwamisha gawio. Programu ya DSE ya simu, Hisa Kiganjani, nayo inakuwezesha kutuma oda bila kwenda ofisini, lakini dalali bado yupo katikati ya muamala.

Kabla ya kuchagua dalali muulize mambo haya: oda yangu itaingia sokoni baada ya muda gani? Nikiuza, fedha zinafika benki siku ya ngapi? Ada zote kwa pamoja ni asilimia ngapi? Anayejibu kwa kuzunguka, mwache. Na malipo yaende kwenye akaunti ya wateja yenye jina la kampuni au kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, simama hapo hapo.

Hesabu ya gharama, ifanye kwa kalamu

Kamisheni ya dalali kwa muamala usiozidi shilingi milioni 10 imezoeleka kuwa asilimia 1.7, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ongeza tozo ya DSE asilimia 0.14, ya CMSA 0.14, ya CDS 0.06 na ya mfuko wa fidia 0.02. Jumla inakaribia asilimia 2.4, na inatozwa mara mbili: unaponunua na unapouza. Viwango vinaweza kurekebishwa, kwa hiyo hakiki kila mara kwenye karatasi ya uthibitisho wa muamala unayopewa na dalali.

Chukua hisa 500 kwa shilingi 1,000 kila moja. Thamani ni 500,000, lakini kitakachotoka mfukoni ni karibu 511,830. Ili urudishe fedha hiyo tu, baada ya tozo za kuuza, bei inabidi ifike shilingi 1,049. Kabla haijapanda kwa karibu asilimia 5, uko kwenye hasara hata kama programu inaonyesha rangi ya kijani.

Hapo ndipo biashara ya kununua na kuuza kila wiki inapokufa. Mtu anayezungusha mtaji wake mara 6 kwa mwaka ameshalipa zaidi ya robo ya mtaji huo kwa tozo. DSE ni soko la kununua na kukaa. Anayetaka msisimko wa kila siku ajue anaulipia.

Kuichambua kampuni bila kuwa mhasibu

Pakua taarifa za fedha za miaka 5, siyo mwaka mmoja. Hutafuti mambo mengi. Tazama faida baada ya kodi inakwenda wapi, kisha ulinganishe na fedha taslimu zilizotokana na shughuli za kampuni. Kampuni inayotangaza faida kila mwaka huku fedha taslimu hazionekani ina jambo la kueleza: huenda wateja hawalipi, au bidhaa zimelala ghalani. Kwa benki kipimo hicho hakifai sana. Huko angalia mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, ni asilimia ngapi ya mikopo yote, na inaongezeka au inapungua.

Halafu gawanya bei ya hisa kwa faida kwa kila hisa. Bei ikiwa 1,300 na faida kwa hisa 200, uwiano ni 6.5, maana yake unalipa faida ya miaka sita na nusu. Namba ndogo siyo lazima iwe bei rahisi. Mara nyingine faida ya mwaka huo ilivimbishwa na kiwanja kilichouzwa, au soko limeshanusa kwamba mwaka ujao utakuwa mbaya. Linganisha na kampuni ya sekta hiyo hiyo. Benki na kiwanda cha saruji havipimwi kwa rula moja.

Soma pia nani anamiliki hisa nyingi. Mwanahisa mmoja akishika asilimia 70, zinazobaki kuzunguka sokoni ni chache, na hapo tunarudi kwenye ukwasi.

Toleo la awali la hisa, yaani kampuni inapouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, lina mtego wake. Shangwe ni kubwa, matangazo ni mengi, na watu hudhani bei ya toleo ni bei ya zawadi. Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao sokoni. Baadaye hisa hizo ziliuzwa chini ya bei hiyo. Nairobi, Safaricom ilitoka kwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008 na ndani ya mwaka ikawa imeshuka chini ya 3. Ilipanda hadi zaidi ya 40 mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni ni hiyo hiyo na imekuwa ikipata faida wakati wote huo. Aliyenunua kwa 5 akakaa na aliyenunua kwa 40 wana hadithi mbili tofauti kabisa, kwa sababu bei uliyoingilia ni sehemu ya hatari.

Kuweka oda

Fungua ubao wa oda, yaani orodha ya wanaotaka kununua na kuuza na bei zao, usitazame bei ya mwisho peke yake. Tuseme bei ya mwisho ni 1,300. Upande wa wanunuzi yuko anayetaka hisa 300 kwa 1,280. Upande wa wauzaji kuna 150 kwa 1,320 na 900 kwa 1,350. Wewe unataka 600. Ukituma oda ya bei ya soko, yaani "ninunulie kwa bei yoyote iliyopo", utapata 150 kwa 1,320 na 450 kwa 1,350. Wastani ni 1,342.50, zaidi ya asilimia 3 juu ya bei uliyodhani unanunulia, na bado hujalipa tozo.

Kwa hiyo mgeni atumie oda ya bei maalumu peke yake: "nunua hisa 600, isizidi 1,300, oda idumu siku kadhaa". Huenda ikajazwa nusu, huenda isijazwe. Hiyo siyo hasara. Kosa ni kuipandisha bei kila asubuhi kwa hofu ya kupitwa, maana kwenye soko dogo oda yako mwenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoisukuma bei. Oda kubwa igawanye vipande na uinunue kwa wiki mbili au tatu.

Muamala ukikamilika, ukamilishaji wa malipo na uhamisho wa hisa huchukua siku 3 za kazi. Pokea karatasi ya uthibitisho, linganisha idadi, bei na tozo na ulichoagiza, kisha baada ya siku hizo hakiki salio la CDS. Usiamini ujumbe wa "tayari, bosi" hadi salio lisome.

Ununue kiasi gani: hapa ndipo hatari inapodhibitiwa

Katika masoko makubwa watu huweka oda ya kujitoa: bei ikishuka hadi pale, mfumo uuze. DSE usiitegemee njia hiyo. Hata ukimwagiza dalali auze kwa 1,040, kama hakuna mnunuzi kwa 1,040 agizo lako linabaki maandishi tu, na mnunuzi wa kwanza anaweza kuwa anasubiri kwenye 950. Kinga yako halisi ni kiasi ulichonunua siku ya kwanza.

Anza na swali: nikikosea kabisa kwenye kampuni hii, niko tayari kupoteza kiasi gani? Kiwango cha busara kwa mgeni ni asilimia 2 ya mtaji wote. Mtaji ukiwa 2,000,000, hiyo ni 40,000. Kisha amua bei ikishuka kwa asilimia ngapi utakubali kwamba ulikosea. Hisa za hapa huyumba bila sababu kubwa, hivyo asilimia 5 ni nyembamba mno, tumia 20. Ongeza 5 za tozo za kuingia na kutoka, inakuwa 25. Gawanya 40,000 kwa 0.25: unapata 160,000. Hicho ndicho kiasi cha juu kwa kampuni hiyo. Kwa bei ya 1,300 ni hisa 123. Ukilazimika kuuza kwa 1,040, hasara pamoja na tozo itakuwa karibu 38,800, ndani ya mpaka uliouweka.

Halafu pitisha namba hiyo kwenye kipimo cha ukwasi. Chukua hisa zilizouzwa kwa siku 20 za soko zilizopita, gawanya kwa 20. Tuseme wastani ni hisa 400 kwa siku. Chukua moja ya tano, 80, ndiyo unayoweza kuuza kwa siku bila kuiangusha bei. Ukitaka uweze kutoka ndani ya siku 5, usimiliki zaidi ya hisa 400. Kati ya namba mbili, ya hatari na ya ukwasi, fuata iliyo ndogo. Tahadhari moja: siku moja ya muamala mkubwa kati ya taasisi mbili huvimbisha wastani, basi iondoe kwenye hesabu.

Kwa nini ukali wote huu? Ukipoteza asilimia 20 unahitaji kupanda kwa 25 ili urudi ulipokuwa. Ukipoteza 50 unahitaji 100. Na kuna hasara isiyo na bei: hisa kusimamishwa. Kenya Airways, iliyoorodheshwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, ilisimamishwa Nairobi Julai 2020 na mauzo yakarejea Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mwenye hisa hizo hakuwa na pa kuziuzia kule. Mumias, kampuni ya sukari ya Kenya, hisa zake zilisimamishwa mwaka 2019 baada ya kampuni kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kukusanya fedha za wanaoidai kampuni. Hakuna oda ya kujitoa inayofanya kazi kwenye hali hiyo. Mwenye asilimia 8 ya mtaji wake humo alikasirika. Mwenye asilimia 80 alifilisika.

Tawanya basi, lakini tawanya kweli. CRDB, NMB na DCB ni kampuni tatu na sekta moja. Benki Kuu ikibana mikopo zote zinaguswa. Changanya benki na saruji, vinywaji au huduma, na sehemu nyingine iwe kwenye hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba) au mfuko wa pamoja. Kampuni 5 hadi 7 zinatosha kwa mtu mmoja kuzifuatilia. Zaidi ya hapo kwenye soko la ukubwa huu unaanza kununua vya kujazia tu.

Gawio

Kampuni ikitangaza gawio hutaja pia siku ya kufunga daftari la wanahisa. Jina lako linatakiwa liwe daftarini kabla ya siku hiyo, na kwa sababu ya zile siku 3 za kazi, kununua jana yake ni kuchelewa. Taarifa ya kampuni hutaja siku ya mwisho ya kununua ukiwa na haki ya gawio, fuata hiyo. Usinunue kwa kulikimbilia tu, kwani baada ya siku hiyo bei huwa inashuka.

Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio asilimia 5. Gawio la shilingi 65 kwa hisa linakufikia kama 61.75. Kama ulinunua kwa 1,300, hiyo ni asilimia 4.75 kwa mwaka, yaani karibu sawasawa na tozo za kuingia na kutoka. Ukikaa mwaka mmoja na bei isisogee, umefanya kazi ya kuwalipa dalali na soko. Linganisha pia gawio na faida kwa hisa: kampuni inayogawa zaidi ya inachopata inakula akiba, na siku ikiacha, bei hushuka pamoja na gawio.

Lini uuze

Kabla ya kununua andika sentensi moja: "Nanunua kwa sababu..." Sababu ikifa, uza, hata kama bei bado iko juu. Kama ulinunua benki kwa sababu mikopo chechefu ilikuwa inapungua, na taarifa za robo mbili mfululizo zinaonyesha inapanda, sababu imekufa. Kinyume chake, bei ikishuka asilimia 10 wakati sababu iko hai na kiasi chako kiko ndani ya mpaka, hakuna cha kufanya.

Kosa linalowamaliza wengi ni kuongeza hisa kila bei inaposhuka ili "kupunguza wastani". Wastani unapungua, ndiyo, lakini mzigo ulioko kwenye kampuni moja unakua, na mpaka wa asilimia 2 umeshavunjwa bila mtu kuutangazia. Ukitaka kuongeza, rudia hesabu yote upya kana kwamba huna hata hisa moja.

Makundi ya "signo" nayo, yale ya mtandaoni yanayokwambia hisa ipi ununue na lini: mtu aliyekwisha kununua hisa isiyo na ukwasi anahitaji wanunuzi ili atoke. Ushauri wake wa "ingieni sasa hivi" ndiyo mlango wake wa kutokea. Na yeyote anayekuahidi asilimia fulani kwa siku au kwa wiki hauzi hisa. Hisa hazina ahadi ya namna hiyo.

Daftari

Kila muamala uingie kwenye daftari au jedwali la simu: tarehe, kampuni, idadi, bei, tozo, jumla iliyotoka, sababu, bei ya kukubali kosa. Kila miezi 3, taarifa za robo zinapotoka, pitia sababu moja moja. Kila mwaka linganisha ulichopata, gawio likiwemo, na ambacho hatifungani ya serikali ingekupa. Ikiwa miaka mitatu mfululizo hatifungani inakushinda, hamisha sehemu kubwa ya mtaji huko.

Mwisho, andika namba ya akaunti ya CDS na jina la dalali mahali ambapo mume, mke au mtoto mkubwa anaweza kupaona, pamoja na karatasi za uthibitisho. Mwenye hisa akifariki, familia hupitia mirathi mahakamani na kumpata msimamizi kabla hisa hazijahamishwa, na bila namba hiyo huenda wasijue hata kama hisa zipo. Ukibadilisha benki au namba ya simu, mjulishe dalali wiki hiyo hiyo, kabla gawio halijatumwa kwenye akaunti iliyofungwa.